Je, Mtu ni Kazi Yake? Habari za Mpiga Chelo Jacqueline du Pré



Katika toleo hili tunaleta swali ambalo tumelisikia katika familia nyingi hapa makazini, ingawa mara chache mtu hulisema wazi. Linajificha ndani ya neno dogo sana: "alikuwa".

Sikilizeni jinsi tunavyotambulishana. "Huyu alikuwa mwalimu." "Yule mama alikuwa fundi cherehani, watu walitoka mbali kumletea vitambaa." "Mzee huyu alikuwa muuguzi miaka ishirini." Na mwenyewe amekaa pale pale, kikombe cha chai mkononi, anasikia. Neno "alikuwa" tunalitumia kwa marehemu. Tukilitumia kwa mtu aliye hai, tunasema nini juu yake? Na siku ya kuandikishwa, mtu anapofika kwenye mstari wa fomu unaouliza kazi, yule aliyefundisha darasa la sita miaka kumi na mitano husita, hutazama chini, kisha husema: "Andika hakuna."

Basi swali letu ni hili: mtu akinyang'anywa kazi aliyoijua, je, bado ni yule yule? Kazi na kipaji ni nguo tu anayoivaa mtu, au ni mtu mwenyewe?

Hatutaki kulijibu kwa kutaja majina ya watu wetu, maana kila jina lina jirani na kila jirani ana maneno. Tumeona vyema tuchukue maisha ya mtu aliye mbali nasi kabisa, binti wa Uingereza aliyepiga chombo ambacho wengi wetu hatujakishika. Hakuwa mkimbizi. Hakuna jeshi lililomfukuza wala nyumba yake haikuchomwa. Ndiyo sababu tumemchagua. Sisi tukizungumza juu ya kazi tulizopoteza, mara moja tunaingia katika habari za waliotupokonya, na hasira inafunika swali. Kwake yeye hapakuwa na wa kulaumiwa. Mkono wake mwenyewe ulikataa.

Jina lake ni Jacqueline du Pré. Alizaliwa Oxford tarehe 26 Januari 1945, miezi michache kabla ya vita vikuu kwisha huko Ulaya. Chombo chake ni chelo. Kwa wasiokijua, ni kama fidla iliyokua ikawa na kimo cha mtoto. Mpigaji hukaa kitini, hukiweka kati ya magoti, mkono wa kushoto hubana nyuzi nne na mkono wa kulia huvuta upinde wenye nywele za mkia wa farasi. Sauti yake inakaribia sana sauti ya mwanadamu, hasa ya mwanamume anayeimba taratibu. Msidhani ni jambo la Wazungu peke yao. Kule Kinshasa, Kanisa la Kimbangu lina okestra yake tangu 1994, iliyoanzishwa na Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu, baada ya kupoteza kazi yake ya urubani. Mwanzoni vyombo vilikuwa vichache, watu wakapokezana, na uzi ukikatika walitafuta waya wa breki ya baiskeli. Wapo humo wanaopiga chelo mpaka leo. Lakini turudi kwa binti yetu.

Akikaribia miaka mitano alisikia redioni kipindi cha kueleza vyombo vya okestra. Iliposikika sauti ya chelo, alimwambia mama yake kwamba anataka kutoa sauti ile. Mama yake, Iris, alikuwa mpiga piano na mwalimu wa muziki. Wengi wetu tungemwambia mtoto, "Ngoja ukue." Mama huyu alimtafutia chelo. Tena usiku, mtoto akiwa amelala, alimwandikia nyimbo fupi na kuzichorea picha pembeni, ili akiamka azikute. Mtoto alikuwa akiamka na kukimbilia chelo kabla hata ya kuvaa.

Akiwa na miaka kumi alipelekwa kwa mwalimu William Pleeth, ambaye yeye mwenyewe alimheshimu maisha yake yote. Mwaka 1956, akiwa na miaka 11, alipata msaada wa masomo uliotokana na urithi wa Guilhermina Suggia. Huyu Suggia alikuwa mpiga chelo mashuhuri wa Ureno aliyefariki mwaka 1950, akaacha agizo kwamba chelo yake ya thamani iuzwe ili fedha ziwasaidie vijana wanaojifunza. Jacqueline ndiye wa kwanza kunufaika. Angalieni jambo hili: mwanamke mmoja akifa, chombo chake kinageuka kuwa ada ya mtoto asiyemjua.

Tangu hapo maisha yalielekezwa upande mmoja. Mazoezi yalikuwa ya saa nyingi kila siku. Masomo ya kawaida ya shule yalipunguzwa, na baadaye akayaacha kabla ya wenzake. Nyumbani walikuwepo dada yake Hilary, ambaye naye alikuwa mpigaji hodari wa filimbi, na kaka yao mdogo Piers, lakini ratiba ya nyumba ilizunguka chelo.

Hapa tusimame kidogo, kwa sababu wazazi wengi hapa makazini wanaifahamu hali hii. Katika familia ya watoto saba anaonekana mmoja mwenye akili nyepesi, na sabuni inauzwa, sehemu ya mgao inauzwa, ili huyo mmoja aende sekondari. Wengine wanabaki na majembe. Je, ni haki? Mkulima anajua hatari ya kupanda shamba zima muhogo mtupu: ugonjwa ukiingia, umeingia pote. Familia ya du Pré ilipanda shamba zima chelo. Lakini mkulima huyo huyo anajua pia kwamba shamba dogo ukilichanganya vitu kumi, hupati gunia hata la kimoja. Hatuwahukumu wazazi wale. Mtoto aliomba mwenyewe, na furaha yake ilionekana. Tunachosema ni kwamba hakuna aliyekaa na kumfundisha Jacqueline kuwa kitu kingine chochote, na jambo hilo lina nafasi katika yale yaliyofuata.

Tarehe 1 Machi 1961, akiwa na miaka 16, alipiga mbele ya watu katika ukumbi wa Wigmore, London. Mwaka uliofuata alipiga konseto ya Edward Elgar, na tangu siku hiyo jina lake na kazi hiyo vimefungwa pamoja. Konseto ni muziki mrefu uliotungwa kwa ajili ya chombo kimoja kinachozungumza na okestra nzima. Hii ya Elgar huchukua karibu nusu saa.

Inafaa tuieleze. Elgar aliimaliza mwaka 1919. Alikuwa mzee wa miaka 62, vita vya kwanza vya dunia vilikuwa vimekwisha na dunia aliyoizoea ilikuwa imekwenda navyo. Mke wake Alice alikuwa dhaifu, na alifariki mwaka 1920. Siku ya kwanza ya kupigwa, Oktoba 1919, kazi hiyo ilikwenda vibaya, kwa sababu okestra haikupewa muda wa kutosha wa mazoezi. Kati ya wapiga chelo wa okestra siku ile alikuwemo kijana aitwaye John Barbirolli. Huyo kijana akakua akawa kiongozi wa okestra anayeheshimika, na mwaka 1956 alikuwa miongoni mwa waamuzi waliompa msichana Jacqueline ule msaada wa Suggia. Kisha tarehe 19 Agosti 1965 wakakutana tena, Barbirolli akiongoza okestra ya London Symphony, Jacqueline akipiga, na konseto ile ikanaswa kwenye sahani ya santuri.

Alikuwa na miaka 20. Tumejiuliza mara nyingi: msichana wa miaka 20, mwenye afya, aliyependwa, asiyejua bado kupoteza kitu, aliwezaje kupiga majonzi ya mzee kiasi cha watu kulia? Wengine watasema alitabiri yaliyompata. Sisi hatuamini hivyo, na tunaona si vyema kuwatendea hivyo watu walioumia, kugeuza kila walichofanya kabla ya msiba kiwe dalili ya msiba. Alipiga vile kwa sababu alijua kusikiliza. Mtoto wa kwaya anaweza kuimba wimbo wa mazishi vizuri kuliko mfiwa, maana sauti ya mfiwa inakatika.

Miaka iliyofuata ilikwenda mbio. Mwaka 1966 alikaa Moscow akijifunza kwa Mstislav Rostropovich. Tarehe 15 Juni 1967 alifunga ndoa kule Jerusalem na Daniel Barenboim, mpiga piano na kiongozi wa okestra, siku chache tu baada ya vita ya siku sita. Chelo aliyoitumia ilikuwa zawadi: iliitwa Davidov, ilitengenezwa na Antonio Stradivari kule Cremona, Italia, mwaka 1712. Kiwanja cha ndege, ukumbi, hoteli, kiwanja cha ndege. Watu waliokuwepo wanakumbuka nywele zake ndefu za rangi ya dhahabu zikirushwa huku na huku akipiga, na jinsi alivyokuwa akicheka.

Kisha vidole vikaanza kufa ganzi. Mwaka 1971 ulikuwa mgumu. Alichoka pasipo sababu, hakuwa na hakika na mikono yake. Alisimamisha maonyesho. Na kwa kuwa madaktari hawakuona kidonda wala homa, aliambiwa kwamba tatizo ni la moyoni, ni wasiwasi, ni uchovu wa akili. Wasomaji wetu wanaougua magonjwa yasiyoonekana wanajua neno hilo lina uzito gani. Mtu mgonjwa, juu ya ugonjwa wake, anaongezewa shaka: labda ni mimi, labda ni uvivu, labda sitaki. Mwezi Desemba mwaka huo nguvu zilirudi kwa muda, akaingia studio na mumewe kunasa sonata za Chopin na Franck. Hiyo ikawa mara ya mwisho kwake kurekodi studio.

Februari 1973 alikwenda New York kupiga kazi ya Brahms ya fidla na chelo, pamoja na Pinchas Zukerman, Leonard Bernstein akiongoza. Hakuweza kuhisi uzito wa upinde mkononi. Vidole havikumwambia vimegusa uzi gani, ikambidi avitazame kwa macho ili ajue vilipo. Fikirini mama anayesuka mkeka gizani miaka yote, vidole vikijua njia, halafu asubuhi moja vidole havijui. Maonyesho yalikuwa manne. Alipiga matatu. La nne hakulipiga, na hakupiga tena mbele ya watu maisha yake yote.

Oktoba 1973 ugonjwa ukapata jina: maltipo sklerosisi. Katika ugonjwa huu kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, inageuka na kushambulia kifuniko cha mishipa ya fahamu katika ubongo na uti wa mgongo. Ni kama waya wa redio uliochunika plastiki: umeme upo, lakini ujumbe haufiki, au unafika umevurugika. Katika nchi zetu za joto ugonjwa huu ni nadra kuliko Ulaya, ndiyo maana wengi hatujausikia. Hauna tiba ya kuumaliza hata leo. Dawa za kupunguza kasi yake zilianza kupatikana miaka ya 1990, naye alikuwa ameshaondoka. Siku alipoambiwa alikuwa na miaka 28.

Aliishi miaka 14 zaidi. Wanaosimulia habari zake kwa kawaida hukimbia hapa. Husema "kisha akaugua, akafariki mwaka 1987 akiwa na miaka 42," na wamemaliza. Hesabu yenu wenyewe itawaonyesha kuna kasoro: tangu alipoanza kupiga London hadi alipoacha New York ni miaka 12. Miaka ya ukimya ni mingi kuliko miaka ya umaarufu. Miaka hiyo 14 ilikuwa ya nani?

Kuna jibu la kwanza ambalo watu hulitoa bila kujua wanalitoa: kwamba mtu ni kipaji chake. Kama ni hivyo, Jacqueline alikufa Februari 1973 na aliyebaki kwenye kiti cha magurudumu ni kivuli. Jibu hili tunalikataa, na si kwa sababu linahuzunisha. Tunalikataa kwa sababu si kweli. Yule mwanamke kwenye kiti aliendelea kufundisha wanafunzi nyumbani kwake London. Mwaka 1979 alitoa masomo ya chelo yaliyoonyeshwa kwenye televisheni. Marafiki walikuja kumpigia muziki sebuleni. Alitania, alikasirika, alipenda, alichukia chakula fulani na kutaka kingine. Kivuli hakifanyi hayo.

Kuna jibu la pili, na hili ndilo linalosemwa zaidi kwetu, hasa na watu wenye nia njema. Linasema kwamba kazi ni nguo tu. Ukiivua unabaki wewe, kwa hiyo usihuzunike. "Shukuru una uhai." "Mungu atakupa nyingine." Tunaheshimu nia, lakini jibu hili pia tunalikataa, na tunalikataa kwa nguvu zaidi. Waliolisema hawakupoteza. Tangu umri wa miaka mitano Jacqueline alizungumza kwa chelo kabla hajajua kuzungumza vizuri na watu wa nje. Mambo aliyokuwa nayo moyoni yalikuwa na mlango mmoja, na mlango ukafungwa. Ukimwambia mtu huyo amevua nguo tu, umemfanya aone haya kwa kulia. Tumeona mafundi wakiambiwa hivyo hapa. Hunyamaza, watu wakadhani wamefarijika.

Wengine huongeza talanta. Wanatukumbusha mtumishi aliyefukia talanta yake ardhini, na mwenye duka moyoni anaanza kuhesabu nani hapa amezalisha na nani hakuzalisha. Ndugu, someni vizuri habari ile. Yule alifukia mwenyewe, kwa woga, akiwa na mikono mizima. Hakuna mahali inaposemwa kwamba aliyeibiwa njiani ni sawa na aliyefukia. Mama aliyeacha cherehani yake ndani ya nyumba usiku ule, akabeba watoto, hakufukia kitu. Na Jacqueline aliyeketi na vidole visivyosikia hakufukia kitu.

Basi kama mtu si kazi yake, na kazi si nguo, ni nini? Tumezungumza sana katika kamati ya gazeti hili, na mmoja wetu, mama mjane, ndiye aliyetupa mfano uliotusaidia. Alisema: "Mimi si mke tena. Lakini pia mimi si sawa na mwanamke ambaye hajaolewa. Hakuna fomu yenye neno la zamani zangu, ila neno mjane, na neno hilo lina mume ndani yake." Tukanyamaza kwa muda.

Tunadhani ndivyo ilivyo kwa anayepoteza kazi ya mikono yake. Hayuko pale alipokuwa, wala hayuko kama mtu ambaye hakuijua kabisa. Ujuzi umempitia na umeacha umbo, kama maji yaliyopita mfereji wakati wa masika. Angalieni Jacqueline alipofundisha. Zamani, mwanafunzi akikosea, angechukua chelo na kumwonyesha. Sasa hakuweza kuonyesha. Ilibidi atafute maneno, aimbe mstari kwa mdomo, aeleze kwa mfano jambo ambalo mkono wake ulilifanya miaka yote bila kumwuliza. Asiyewahi kupiga hangeweza kusema maneno hayo, na anayepiga bado hana haja ya kuyasema. Hapo ndipo alipokuwa amesimama.

Hatusemi kwamba kufundisha kulilipa alichopoteza. Hakukulipa. Tena ugonjwa haukusimama: macho yalishindwa kusoma, mikono ilitetemeka, hata kuongea kukawa kwa shida. Ualimu nao ukaondoka. Kama thamani yake ingehama kutoka kupiga kwenda kufundisha, basi nayo ingefukuzwa mara ya pili, kama wengi wetu tulivyofukuzwa kutoka kambi moja kwenda nyingine. Kwa hiyo hatuwezi kumtafutia "kazi mpya" ili tumhesabie haki ya kuwa mtu. Lazima tuweze kusema alikuwa Jacqueline hata siku ile ya mwisho, Oktoba 19, 1987, wala hakuna alichozalisha siku ile.

Na bado, tungefanya vibaya kumwita siku ile "mgonjwa" tu. Hapa ndipo lugha yetu inapotubana. Kiswahili kinatupa "ni" na "alikuwa", na kila mara tunapaswa kuchagua. Tukisema "ni mpiga chelo", anayesikia atamwomba apige. Tukisema "alikuwa", tumemzika. Pengine ndiyo sababu wazee wetu hawakupenda kutambulisha kwa namna hiyo. Walisema jina la mtu, la baba yake, na kilima alichotoka, kisha wakamwacha mwenyewe aseme. Tunafikiri kuna adabu ndani yake. Anayetaka kusema "mimi ni mwalimu" ingawa hana darasa, aseme, na fomu iandikwe mwalimu. Anayetaka kusema "nilikuwa", naye aachwe, ni huzuni yake. Kinachotuudhi ni sisi kumchagulia.

Lipo jambo la mwisho ambalo hatukukubaliana, na tunaliacha mbele yenu kama lilivyo. Chelo ile ya Davidov ilipita mikononi mwa mpigaji mwingine, Yo-Yo Ma, naye amepiga nayo duniani kote. Santuri ya mwaka 1965 inaendelea kuuzwa, na kila mwaka vijana wapya huanza chelo kwa sababu waliisikia. Hata yeye Jacqueline, katika miaka ya ugonjwa, alisikiliza rekodi zake mwenyewe.

Je, ilikuwa faraja au mateso? Mzee mmoja katika kamati, aliyeongoza kwaya miaka mingi kabla koo lake halijaharibika, anasema ni faraja. Anasema akisikia vijana wakiimba wimbo alioufundisha, hata wakikosea sauti ya tatu, anajua alipita duniani. Yule mama mjane, ambaye pia ni fundi cherehani, anasema hapana. Anasema hapo karibu na kisima kuna kijana amefungua kibanda cha kushona, na yeye huzunguka njia ndefu kwenda kuchota maji ili asisikie ile sauti ya pedali. Mzee akamwuliza kama angependa yule kijana asiwepo kabisa. Akafikiri, akasema: "Hapana, awepo. Tena anakunja pindo vibaya. Mtu amwambie."